Mlonge, habbat soda na risasi ya betri: nini hasa kinalinda mbegu za kiume?

SWALI: Mimi ni fundi wa betri na rejeta hapa Unga Limited, Arusha, mwaka wa tisa sasa. Nina miaka 36 na mtoto mmoja wa miaka minne. Tumetafuta wa pili kwa miaka miwili bila mafanikio. Nimepima mbegu: milioni 11 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 22. Daktari aliponiuliza kazi yangu alisema risasi inaweza kuwa inachangia. Muuzaji wa dawa za asili ameniuzia unga wa mlonge na mafuta ya habbat soda, anasema vinatoa risasi mwilini na kulinda mbegu. Ni kweli? Nitumie kiasi gani, na kwa muda gani?

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji wako amefunga mambo mawili kwenye kifurushi kimoja. Kwamba mimea hii inapunguza madhara ya risasi kwenye mbegu, hilo lina ushahidi, ingawa sehemu kubwa yake imetoka kwa panya. Kwamba inaitoa risasi mwilini, hapo ameongeza chumvi. Kwa hiyo unaweza kuitumia kwa vipimo nitakavyoeleza, ila iwe ya tatu kwenye foleni. Ya kwanza ni kuzuia risasi isiendelee kuingia, na ya pili ni kupima damu.

Tuanze na majibu yako ya maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, na zinazokwenda mbele asilimia 30. Uko chini kwa yote mawili, lakini wanaume wenye namba kama zako huzalisha. Tena usihukumu kwa kipimo kimoja. Rudia ukiwa umekaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, na sampuli ifike mezani kwa mpimaji ndani ya saa moja. Kama unaitolea nyumbani, ibebe ndani ya nguo, karibu na mwili. Baridi ya Arusha ya mwezi wa saba inatosha kuzipunguzia mbegu mwendo kabla hujafika hospitali, ukaandikiwa asilimia ambayo si yako.

Sasa risasi inafanya nini huko chini? Mbegu ya kiume ni seli ya ajabu kidogo. Utando wake umejaa mafuta laini yanayoungua upesi yakikutana na chembe kali za oksijeni, na yenyewe imetupa karibu ute wote wa ndani, ambamo seli nyingine huhifadhi vimeng'enya vya kujikinga. Risasi inapoingia, inashika viini vya salfa na kumaliza akiba ya glutathioni, kinga kuu ya mwili dhidi ya chembe hizo. Pia inakiziba kimeng'enya kimoja cha kutengeneza damu, na malighafi inayorundikana kwa sababu hiyo huzalisha chembe kali zaidi. Utando unaungua, mkia unakosa nguvu, DNA inakatika vipande. Hii ndiyo sehemu ambayo antioksidanti za mimea, yaani viini vinavyozima chembe kali hizo, zinaweza kuisaidia.

Lakini risasi ina njia nyingine ambazo hazihusiani na kuungua. Kichwani mwa mbegu DNA hufungwa kwa protini ndogo ziitwazo protamini, na zinki ndiyo inayoshikilia mfungo huo. Risasi hukaa pahali pa zinki, na mfungo unakuwa mbovu. Inavuruga pia amri za homoni zinazotoka kwenye ubongo kwenda kwenye korodani. Hapo hata unywe mlonge ndoo nzima, risasi iko palepale kwenye kiti cha zinki.

Kadimiamu, inayopatikana kwenye moshi wa sigara, kwenye betri za aina ya nikeli-kadimiamu na kwenye baadhi ya risasi za kuchomelea, ni kali zaidi kwa korodani kwa sababu inabomoa ukuta unaozitenga na damu. Mwaka 1957 mtafiti Pařízek alionyesha kwamba panya waliopewa zinki waliokoka na madhara hayo ya kadimiamu. Tangu hapo maabara nyingi zimejaribu mmea mmoja baada ya mwingine: mlonge, tangawizi, manjano, kitunguu saumu, habbat soda, rozela, chai ya kijani. Matokeo yanafanana mno: panya aliyepewa metali peke yake korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua, na aliyepewa metali pamoja na mmea anaumia kidogo kuliko yule wa metali peke yake. Utafiti unaofanana hivyo ni wa kusomwa kwa makini. Panya hao hupewa mmea kabla ya metali au siku ileile, kwa wiki chache. Wewe una miaka tisa ya risasi, na sehemu kubwa imeshahamia kwenye mifupa.

Halafu kuna suala la kipimo. Dozi ya kawaida kwenye majaribio hayo ni kama miligramu 200 za dondoo kwa kila kilo ya panya. Kuipeleka kwa binadamu hugawanywa kwa 6.2, kwa sababu mwili mkubwa huchakata dawa polepole zaidi. Unapata miligramu 32 kwa kilo, yaani gramu 2.3 kwa mtu wa kilo 70. Hiyo ni dondoo iliyokolezwa. Kama gramu 10 za majani makavu zinatoa gramu 1 ya dondoo, utahitaji gramu 23 za unga kila siku, karibu vijiko tisa vya chai. Kijiko kimoja cha kukoroga kwenye uji kiko mbali sana na kile kilichomsaidia panya, na vijiko tisa tumbo lako litavikataa.

Kwa binadamu ushahidi ni mchache lakini upo. Mwaka 2012 huko Iran, wafanyakazi wa kiwanda cha betri za magari walipewa ama vidonge vya kitunguu saumu ama dawa ya hospitali iitwayo penisilamini kwa wiki nne. Risasi kwenye damu ilishuka kwa makundi yote mawili, kwa kiasi kinachokaribiana, na waliokula kitunguu walipata madhara machache kuliko waliopewa penisilamini. Salfa ya kitunguu saumu inashika risasi, ndiyo maana mimi ningeweka kitunguu mbele ya mlonge kwa mtu wa kazi yako. Mwaka 2014, tena Iran, wanaume wenye mbegu dhaifu walipewa mafuta ya habbat soda mililita 2.5 mara mbili kwa siku kwa miezi miwili, na idadi na mwendo wa mbegu vikapanda. Hao hawakuwa mafundi wa betri.

Upande wa pili wa mizani: Marekani, mwaka 2020, wanandoa zaidi ya 2,300 waliokuwa wakitafuta ujauzito walishiriki jaribio ambalo wanaume walipewa vidonge vya zinki miligramu 30 na asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku, au vidonge bandia, kwa miezi sita. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka, mbegu hazikuboreka, na DNA iliyokatika ilionekana kuwa nyingi kidogo kwa waliokunywa vidonge halisi. Antioksidanti na madini vikizidi, mwili unapoteza hata zile chembe kali kidogo ambazo mbegu inazihitaji ili ikomae na kulipenya yai. Kwa hiyo usirundike vidonge juu ya unga juu ya mafuta.

Tuje kwenye gereji, maana huko ndiko tatizo liliko. Kutumia dawa ya kulinda mbegu huku ukiendelea kuyeyusha risasi bila kinga ni kupiga deki huku bomba liko wazi.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327. Ikipita nyuzi 500 hivi moshi wake unakuwa mwingi, na mwali wa gesi wa kuchomelea rejeta unapita hapo kwa urahisi. Punguza mwali mpaka risasi itiririke tu bila kutoa moshi wa rangi ya bluu-kijivu. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukitokea mgongoni au ubavuni. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazifai kitu kwa moshi huu. Inatakiwa ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya P100, nawe uwe umenyoa ndevu pale mpira unapogusa, la sivyo hewa itapitia pembeni. Kama unavunja betri chakavu na kuyeyusha sahani zake mwenyewe, acha hiyo sehemu kabisa. Hakuna barakoa ya gereji inayoitosha.

Mafundi wengi huogopa moshi na kusahau vumbi, na vumbi ndilo linaloingia kila siku kupitia mdomoni. Usipulize meza kwa kompresa, wala usifagie pakavu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na kitambaa hicho kisiende nyumbani. Nawa mikono kwa sabuni, ukisugua chini ya kucha, kabla ya kushika chapati au sigara. Chai isikae wazi pale unapofanyia kazi. Na usianze kazi bila kula: tumbo likiwa na chakula mtu mzima hunyonya takriban asilimia 10 au chini ya hapo ya risasi aliyoimeza, na tumbo likiwa tupu inaweza kuzidi nusu. Uji na yai kabla ya kutoka nyumbani ni kinga bora kuliko unga wowote wa kwenye kopo.

Ovaroli na viatu vibaki kazini. Oga, au angalau nawa uso, nywele na mikono, kisha vaa nguo safi ndipo upande daladala. Ovaroli ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo za mtoto, na anayefua asiikung'ute.

Hapo nakuja kwenye jambo ambalo hukuuliza. Mtoto wako wa miaka minne ndiye wa kupimwa risasi kabla yako. Mtoto hunyonya risasi mara kadhaa zaidi ya mtu mzima, na inaharibu ubongo unaokua kwa kiwango ambacho wewe usingehisi lolote. Mama yake naye apimwe kabla ya ujauzito, kwa kuwa risasi inavuka kondo la nyuma. Na kama huwa anakula ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni, aache, kwa sababu umepimwa ukakutwa na risasi.

Kipimo chenyewe ni damu ya mshipa wa mkono, si tone la kidole. Kidole cha fundi kina vumbi la risasi kwenye ngozi na jibu litapanda bure. Osha mkono wote kwa sabuni nyumbani, na mwambie anayechukua damu kwamba kinatakiwa kipimo cha risasi, ili atumie mrija usio na metali. Si kila hospitali inakifanya, kwa hiyo piga simu kwanza. Ulizia hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ambako pia kuna madaktari bingwa wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume, na ulizia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kama wanapokea sampuli hiyo na kwa utaratibu gani. Kama umeajiriwa, mwajiri anawajibika kukupima afya chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndio wa kuwaendea akikataa. Zile mashine za kushika mkononi zinazotoa karatasi ya "sumu mwilini" kwa dakika mbili hazipimi risasi wala chochote. Hela yake nunulia dagaa.

Ukipata jibu, soma hivi. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Kushuka kwa idadi ya mbegu kumeonekana wazi zaidi kwa wanaume wenye 40 na kuendelea. Ukiwa hapo, acha kugusa risasi mpaka daktari aseme. Dawa za hospitali za kuifunga risasi na kuitoa kwenye mkojo zipo, lakini ni za viwango vikubwa au mtu mwenye dalili, na hazitolewi kwa mtu anayerudi kwenye moshi uleule, kwa sababu baadhi yake zinaweza kuongeza unyonyaji wa risasi mpya. Usizinunue mtaani wala kwenye mtandao.

Baada ya hayo yote, sasa jikoni. Risasi hupita kwa njia zilezile za kalisi na chuma, hivyo mwenye upungufu wa hivyo viwili huinyonya zaidi. Maziwa au mtindi nusu lita kwa siku, loshoro, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maharage na mboga za majani: haya ndiyo dawa yenyewe. Kwa zinki, nyama kidogo mara kadhaa kwa wiki na kiganja cha mbegu za maboga. Chai ya rangi inywe saa moja baada ya chakula, si pamoja nacho, kwani inazuia chuma.

Kitunguu saumu: punje mbili kwa siku. Ziponde, ziache dakika 10 ndipo ziguse moto, kwa sababu dawa yake hutengenezwa baada ya kupondwa na moto wa haraka huizuia. Mlonge: majani tu, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kama gramu 5, uchanganye kwenye uji uliokwisha kuepuliwa, maana moto huua vitamini C. Mizizi na magome ya mlonge usiguse. Mafuta ya habbat soda: mililita 2.5 mara mbili, yaani nusu ya kijiko cha chai asubuhi na jioni, baada ya kula. Manjano na tangawizi vibaki viungo vya mchuzi. Ningechagua kitunguu pamoja na kimoja kati ya mlonge na habbat soda, si vyote. Mkusanyiko mkubwa unachosha tumbo, na ukipata shida hujui ni kipi. Kama unatumia dawa za kisukari, presha au za kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kwanza. Mlonge na habbat soda hushusha sukari, na kitunguu kwa wingi huongeza kutoka damu.

Unga wenyewe unaweza kuwa na risasi. Majani yaliyokaushwa kando ya barabara yenye vumbi, au kwenye bati karibu na gereji, huokota kile unachokikimbia. Unga wa manjano umewahi kukutwa nchini Bangladesh umepakwa rangi yenye risasi ili ung'ae. Bora upande mti wa mlonge nyumbani ikiwa eneo lina joto la kutosha, au upate majani kwa mtu unayejua shamba lake, uyaoshe, uyakaushe kivulini ndani ya nyumba na uyasage mwenyewe. Manjano nunua mizizi, si unga. Na angalia sufuria: zile nzito zinazosubiwa mitaani kwa mabaki ya vyuma na vipuri zimepimwa katika nchi kadhaa za Afrika na kuonekana zinaachia risasi, hasa kwenye chakula kichachu. Kuchemshia rozela au ukwaju humo ni kujipikia risasi kwa jina la dawa. Tumia chuma cha pua au sufuria ya enameli isiyobanduka.

Kuna mimea ya kukaa nayo mbali kipindi hiki. Mbegu za papai, ambazo watu hutafuna kwa ajili ya minyoo, na mwarobaini unaonywewa kwa homa, vyote vimepunguza mbegu za wanyama dume kwenye majaribio. Mara moja kwa bahati mbaya si msiba, kunywa kila wiki ni kujiharibia. Zile "dawa za nguvu" zisizo na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala usizilete nyumbani. Sigara ni kadimiamu unayoinunua. Sindano za testosteroni za kujenga misuli zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Na usikubali risasi ibebe lawama yote kabla hujachunguzwa. Mishipa iliyovimba juu ya korodani, ambayo daktari huigundua kwa kupapasa ukiwa umesimama, hukutwa kwa zaidi ya theluthi ya wanaume wenye shida ya uzazi, na inatibika. Joto la mwali karibu na mapaja kutwa nzima linachangia, kama ilivyo kwa magonjwa ya zinaa yaliyotibiwa nusu. Mkeo naye achunguzwe sambamba, kwa sababu kuwa na mtoto wa kwanza hakuhakikishi mirija iko wazi leo.

Muda: mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, na wiki mbili nyingine kukomaa na kusafiri. Kwa hiyo chochote ulichobadilisha leo hakitaonekana kikamilifu kabla ya miezi mitatu. Pima damu sasa, kisha baada ya mwezi na baada ya miezi mitatu. Risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja ukiacha kuigusa, ila kwa mtu wa miaka tisa itashuka polepole zaidi kwa sababu mifupa inaendelea kuirudisha. Pima mbegu mwezi wa tatu, maabara ileile. Damu ikiwa imeshuka na mbegu zimepanda, endelea hivyo hivyo mpaka mwezi wa sita. Damu ikiwa haijashuka, bado kuna mlango ulioacha wazi: rudi kwenye vumbi, nguo na sufuria kabla ya kuongeza dozi ya mlonge. Damu ikiwa imeshuka na mbegu hazijasogea, acha kununua unga, chukua karatasi zote za vipimo na tarehe zake, nenda kwa daktari wa uzazi wa kiume pamoja na mkeo.